MWILI WETU: Kichwa Kinachouma Si Uvivu



Juma hili tunajibu barua ya baba mmoja mwenye watoto sita. Anaandika kwamba binti yake wa miaka 13 hushikwa na kichwa mara mbili au tatu kila mwezi. Kichwa humwuma upande mmoja, kikipiga kama ngoma. Mtoto hutapika, huukimbia mwanga, hataki kusikia hata mlio wa sufuria jikoni. Akiisha kulala usiku mmoja, huamka mzima na kuomba chakula. «Majirani wanasema ni uvivu wa shule», anaendelea baba huyu. «Shangazi zake wanasema ametupiwa kitu na adui. Mimi nimeshindwa kujua la kusema. Bwana Mwalimu, je, uko kweli ugonjwa wa namna hiyo, unaokuja na kwenda kama mgeni?»

Ndiyo, baba, uko. Tena una jina la siku nyingi katika lugha yetu: kipandauso. Waliosoma Kifaransa huuita migreni. Leo tutaueleza vizuri, kwa maana katika miaka arobaini hivi iliyopita wataalamu wamemkamata mmoja wa wale wanaouwasha moto huo kichwani. Si jini wala si mchawi. Ni mjumbe mdogo sana wa mwili wetu wenyewe.

Lakini kabla ya kuendelea, sina budi kuungama kosa langu.

Nilipokuwa mwalimu mpya, nilikuwa na mwanafunzi mmoja wa kike, mwenye akili na adabu. Siku moja, wakati wa hesabu, alikilaza kichwa chake juu ya meza. Nikamwita mara ya kwanza, nikamwita mara ya pili. Akainuka polepole, akasema kwamba haoni ubao wote: nusu ya herufi zimepotea, na pembeni anaona mistari inayometameta kama meno ya msumeno. Darasa zima likacheka. Nami nikadhani ananidhihaki mbele ya wenzake. Nikamtoa nje, nikamwamuru asimame juani mpaka kengele ilie. Kabla ya kengele kulia alikuwa amekwisha kutapika na kuketi chini, akijifunika macho kwa mikono yake miwili.

Mama yake alipokuja kumchukua hakunigombeza. Alisema neno moja tu: «Mwalimu, hata mimi nilipokuwa na umri wake niliumwa hivyo hivyo, na mama yangu pia.» Neno hilo limenikaa moyoni mpaka leo. Nilikuwa nimempa mtoto mgonjwa adhabu ile ile iliyozidisha ugonjwa wake, yaani jua kali machoni. Ndiyo sababu barua ya baba huyu sikuweza kuijibu kwa maneno mawili matatu.

KIPANDAUSO NI NINI

Watu wengi hufikiri kwamba kila kichwa kinachouma ni kitu kimoja. Sivyo. Kichwa huuma kwa malaria, kwa homa nyingine, kwa njaa, kwa uchovu, kwa kupigwa. Hapo kichwa ni kama moshi tu, na moto uko mahali pengine. Kipandauso ni ugonjwa wenyewe, unaokaa katika ubongo na mishipa ya fahamu ya kichwa.

Dalili zake zajulikana. Maumivu mara nyingi huwa ya upande mmoja, hupigapiga, na huzidi mtu akitembea au akipanda kilima. Mgonjwa husikia kichefuchefu, na mwanga na kelele humtesa. Kwa mtu mzima asiyepata dawa, shambulio hudumu kutoka saa 4 hadi saa 72. Kwa watoto laweza kuwa fupi zaidi. Wengine, si wote, huona kwanza nuru za ajabu au mistari ya kupindapinda, nayo kwa kawaida haizidi saa moja. Hiyo ndiyo iliyomshika yule mwanafunzi wangu mbele ya ubao. Na wengine hata kusukwa nywele hawawezi siku hiyo: kugusa unywele ni kama kugusa kidonda.

Ugonjwa huu si wa wachache. Hesabu za dunia nzima zaonyesha kwamba watu zaidi ya milioni elfu moja wanao. Kabla ya kubalehe, wavulana na wasichana wanalingana karibu. Baada ya hapo wanawake huwa mara mbili au mara tatu ya wanaume, na wengi wao hushikwa karibu na siku zao za mwezi. Tena hutembea katika ukoo. Yule mama aliyenitajia binti, mama na nyanya alikuwa amesema kweli ambayo vitabu pia vinaisema. Basi ugonjwa ukionekana kwa nyanya, kwa mama na kwa mjukuu, tusikimbilie kumtafuta adui kijijini. Tunarithishana ubongo mwepesi wa kushtuka, kama vile tunavyorithishana sura na urefu.

SHANGA 37 KATIKA UZI MMOJA

Sasa tumtazame huyo mjumbe. Mishipa ya fahamu haizungumzi kwa sauti. Inapotaka kupeleka habari, hutoa chembe za dawa inazozitengeneza yenyewe, na chembe hizo huenda kubisha hodi kwa jirani. Baadhi ya chembe hizo wataalamu huziita neuropeptidi. Neuropeptidi ni mnyororo mfupi wa vitu vidogo viitwavyo amino asidi, vile vile vinavyojenga nyama ya mwili. Wazia shanga zilizotungwa katika uzi. Mjumbe wetu ana shanga 37, si zaidi. Jina lake ni refu, kwa hiyo wataalamu humwita kwa herufi nne tu: CGRP. Maana ya herufi hizo ni «peptidi yenye uhusiano na jeni la kalsitonini».

Jina hilo lina hadithi yake. Mnamo miaka ya 1982 na 1983, huko California katika Marekani, wataalamu kama Susan Amara, Michael Rosenfeld na Ronald Evans walikuwa wakichunguza jeni moja la panya. Jeni ni kama andiko lililowekwa ndani ya kila chembe ya mwili, linaloonyesha namna ya kutunga shanga. Walijua kwamba kwa andiko hilo tezi iliyo shingoni hutengeneza kalsitonini, dawa ya mwili inayopunguza chokaa katika damu. Wakashangaa kuona kwamba katika mishipa ya fahamu andiko lile lile linatoa kitu kingine kabisa.

Sisi walimu tunaweza kulielewa jambo hilo kwa mfano wa imla. Umeandika ubaoni mistari sita. Darasa la kwanza unaliambia: «Nakilini mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa nne, kisha mwishe.» Darasa la pili unaliambia: «Nakilini ule wa kwanza, wa pili na wa tatu, rukeni wa nne, kisha andikeni wa tano na wa sita.» Ubao ni mmoja, lakini madaftari yametoka na habari mbili. Hivyo ndivyo tezi ya shingoni inavyosoma kalsitonini, na mishipa ya fahamu inavyosoma CGRP. Wakati ule hilo lilikuwa fundisho kubwa, kwa kuwa wengi walizoea kufikiri kwamba jeni moja hutoa kitu kimoja tu.

KAZI ZAKE NJEMA

Msifikiri kwamba mjumbe huyu ni adui aliyejificha mwilini. Yumo ndani yetu sote, wenye kipandauso na wasio nacho, naye hufanya kazi usiku na mchana.

Kazi yake kubwa ni kuipanua mishipa ya damu. Mwaka 1985, huko London, Susan Brain na wenzake walionyesha kwamba ukitia kiasi kidogo mno cha CGRP katika ngozi ya mtu, mahali pale pawa pekundu na pa moto kwa saa kadhaa. Ni vitu vichache sana mwilini vyenye nguvu kama hiyo ya kufungua mishipa ya damu.

Mama zetu wanaifahamu kazi hiyo bila kujua jina lake. Mama aliyetwanga pilipili kali, kisha akasahau na kujigusa shavuni, husikia ngozi inawaka. Moto haupo, wala ngozi haijaungua. Dawa iliyo ndani ya pilipili, iitwayo kapsaisini, imefungua mlango mdogo katika mshipa wa fahamu, mlango ambao kwa kawaida hufunguliwa na joto kali. David Julius wa Marekani aliutambua mlango huo mwaka 1997, naye alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2021, akigawana na Ardem Patapoutian. Basi mshipa, ukidhani kwamba umeunguzwa, humtuma CGRP. Yeye huifungua mishipa ya damu iliyo karibu, damu huja kwa wingi, ngozi hupata joto. Katika ngozi nyeusi kama yetu wekundu hauonekani sana, lakini ukiweka mkono hapo utasikia joto.

Kwa nini mwili unafanya hivyo? Kwa sababu mahali palipoumizwa panahitaji damu: damu yenye chakula, damu yenye askari wa kupambana na vijidudu. Kwa hiyo mjumbe huyu husaidia kidonda kupona. Husaidia pia kulinda utando wa ndani ya tumbo, na hushiriki katika mwendo wa matumbo. Moyoni huipanua mishipa inayoulisha moyo, na huweza kuongeza nguvu ya mapigo yake. Akiingia katika damu hakai sana. Baada ya dakika chache tu huvunjwavunjwa. Ni mtumishi anayefika upesi, akafanya kazi, akaondoka.

MTUMISHI ANAPOTUMWA BILA SABABU

Shida i wapi basi? Shida ni kumtuma mtumishi wa kuzima moto mahali pasipo moto.

Usoni na kichwani mwetu umo mshipa mmoja mkubwa wa fahamu, wa tano katika hesabu ya mishipa itokayo katika ubongo. Una matawi matatu: moja laelekea paji la uso na jicho, moja shavu na taya la juu, moja taya la chini. Ndiyo maana mwenye kipandauso huweza kuonyesha kwa kidole njia ya maumivu yake, kutoka nyuma ya jicho mpaka pembeni ya paji. Tawi la jicho pia hutuma nyuzi zake ndani ya fuvu, kwenye ngozi ngumu inayoufunika ubongo na kwenye mishipa ya damu ya ngozi hiyo. Ubongo wenyewe hausikii maumivu. Ngozi hiyo husikia, tena sana.

Zamani iliaminika kwamba kipandauso ni mishipa ya damu tu, inayobana na kutanuka yenyewe. Mwaka 1979 Michael Moskowitz wa Marekani alitoa wazo jingine na wenzake: tutazame mshipa ule wa tano na dawa zinazotolewa na nyuzi zake. Wazo hilo lilifungua njia. Leo twajua kwamba wakati wa shambulio nyuzi hizo humtoa CGRP kwa wingi. Mishipa ya damu hutanuka, nyuzi za fahamu huzidi kuwa kali, na habari ya maumivu hupanda mpaka ndani ya ubongo. Hapo mapigo ya kawaida ya moyo, ambayo kila mtu mzima hayasikii, huwa kama nyundo kichwani.

Ni nini kinachoamsha hayo? Ubongo wa mwenye kipandauso haupendi mabadiliko ya ghafla: kulala kidogo mno au kupita kiasi, kukosa chakula cha asubuhi, kiu, mwanga mkali, siku za mwezi, au ile siku ya kupumzika baada ya mahangaiko mengi. Tazameni sasa mtoto wetu wa shule. Ameamka alfajiri, ametembea mwendo mrefu bila kula kitu, ameketi karibu na dirisha lenye jua, na mtihani umemkalia moyoni. Hapo sababu nne zimekutana katika kichwa kimoja.

WALITHIBITISHAJE?

Wasomaji wetu wanafunzi watauliza: wamejuaje? Swali zuri. Ushahidi wenyewe ni wa hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni ya mwaka 1990. Peter Goadsby wa Australia na Lars Edvinsson wa Uswidi walichukua damu ya wagonjwa waliokuwa katika maumivu yenyewe. Waliichukua katika mshipa wa shingoni, unaoteremsha damu kutoka kichwani, na katika mshipa wa mkononi. Damu ya shingoni ilikuwa na CGRP wengi kuliko kawaida. Ile ya mkononi haikuwa hivyo. Maana yake moto ulikuwa kichwani. Baadaye, mwaka 1993, wakaonyesha kwamba dawa ya sumatriptani inapotuliza maumivu, na CGRP naye hupungua.

Lakini mwanafunzi mwerevu atasema: kumkuta mtu mahali pa moto si kuthibitisha kwamba ndiye aliyewasha. Hatua ya pili ikajibu. Mwaka 2002, huko Denmark, Jes Olesen na wenzake walitia CGRP katika mshipa wa damu wa watu wenye kipandauso waliokubali kujaribiwa. Baada ya saa kadhaa baadhi yao walishikwa na kipandauso chao. Walipotiwa maji yasiyo na dawa, kipandauso hakikuja.

Hatua ya tatu ndiyo kubwa: mzuie mjumbe, uone kama maumivu yatazuilika. Mwaka 2004 dawa ya kwanza ya namna hiyo ilijaribiwa kwa watu, ikasaidia. Nyingine iliyofuata ikaachwa kwa sababu ilionekana kuweza kudhuru ini. Njia haikuwa fupi. Hatimaye, mwaka 2018, Marekani ilikubali dawa za sindano zinazozuia kipandauso kwa kupambana na CGRP. Wa kwanza wao anaitwa erenumabu. Yeye huziba tundu la kufuli ambalo mjumbe angelifungua. Wengine, fremanezumabu na galkanezumabu, humkamata mjumbe mwenyewe njiani. Sindano hizo kwa kawaida hupigwa chini ya ngozi mara moja kwa mwezi. Kisha vikaja vidonge, kuanzia mwishoni mwa mwaka 2019.

Katika majaribio, karibu nusu ya wagonjwa waliopewa kipimo kikubwa cha erenumabu walipunguziwa siku zao za kuumwa kwa nusu au zaidi. Si wote waliopona, kwani kipandauso kina wajumbe wengine pia. Na kwa kuwa CGRP ana kazi njema, kumzuia kuna gharama yake: wengine hufunga choo, wengine hupandwa na shinikizo la damu, na madaktari huwa waangalifu kwa wajawazito na kwa wenye ugonjwa wa moyo. Mwaka 2021 Moskowitz, Edvinsson, Goadsby na Olesen walipewa pamoja tuzo kubwa ya wachunguzi wa ubongo, inayotolewa huko Denmark.

NA SISI TUFANYE NINI?

Nasikia baba wa barua akisema: «Bwana Mwalimu, sindano hizo ni za matajiri wa mbali. Binti yangu yuko hapa.» Ni kweli, bei yake ni kubwa sana, na mimi sitaki kumdanganya mtu kwa tumaini la bure. Lakini habari hizi zinatupa vitu viwili ambavyo havina bei.

Cha kwanza ni haki ya mgonjwa. Maumivu yake yamepimwa katika damu. Hayakubuniwa ili kuukimbia mtihani. Wahenga walisema: kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake. Mwalimu, mzazi, mume, usimwite mvivu mtu anayelala gizani siku moja na kufanya kazi siku ishirini na tisa.

Cha pili ni utaratibu. Kwa kuwa ubongo huu huchukia mabadiliko, tuulinde kwa mwendo ulio sawa. Mtoto alale na kuamka saa zile zile. Ale kitu kabla ya kwenda shuleni, hata kama ni muhogo wa jana au uji kidogo. Anywe maji. Baba au mama anunue daftari dogo, aandike kila mara: siku gani, saa ngapi, amekula nini, amelala namna gani, kama ni siku zake. Baada ya miezi miwili daftari hilo litasema mengi, na daktari atalifurahia.

Shambulio likianza, mtoto apelekwe mahali penye giza na utulivu, awekewe kitambaa cha maji baridi kichwani, naye alale. Dawa rahisi kama parasetamoli au ibuprofeni husaidia zaidi zikimezwa mapema, kwa kipimo cha umri na uzito wake, kama mwuguzi atakavyoonyesha. Aspirini isipewe watoto bila neno la daktari. Mashambulio yakiwa mengi, ziko dawa za zamani za kuyazuia, kama propranololi, lakini hiyo yaweza kumdhuru mwenye pumu. Kwa hiyo daktari ndiye wa kuamua, si mwuza dawa wa sokoni.

Nawaonya kwa mambo mawili. La kwanza, msimeze vidonge vya kichwa kila siku. Mtu anayemeza parasetamoli siku 15 au zaidi kila mwezi, au vidonge vya mchanganyiko siku 10 au zaidi, baada ya miezi kadhaa huweza kupata kichwa kingine kinachotokana na vidonge vyenyewe. Huongeza vidonge, na kichwa huongezeka. La pili, msiwachanje watoto pajini kwa wembe. Kumwaga damu hakumfukuzi mjumbe huyu, bali wembe mchafu waweza kuingiza pepopunda na magonjwa ya ini.

Tena kuna kichwa ambacho si cha kulalia nyumbani. Mpeleke mgonjwa hospitalini upesi ukiona haya: homa pamoja na shingo ngumu, kichwa kilicholipuka ghafla kwa ukali usiopata kuonekana, udhaifu wa mkono au mguu, maneno yasiyoeleweka, kifafa au kuzimia, kichwa baada ya kuanguka au kupigwa, kichwa kipya kwa mtu aliyepita miaka 50, kichwa kinachozidi siku kwa siku na kumtapisha mtoto kila asubuhi. Mama mjamzito, au aliyejifungua karibuni, akiumwa sana kichwa, akiona ukungu machoni au akivimba uso na mikono, asingoje kesho. Apimwe shinikizo la damu siku ile ile. Na kama kuna homa, damu ipimwe malaria. Kipandauso hakileti homa.

Kwa walimu wenzangu nina ombi dogo. Mtoto akisema kwamba haoni ubao au kichwa kinapiga, msimtoe juani. Mpeni pembe yenye kivuli, mpeni maji, mwarifuni mzazi. Akirudi kesho, mpeni daftari la mwenzake anakili somo lililompita. Saa moja ya kivuli haitaharibu nidhamu ya shule. Saa moja ya jua niliyompa mimi yule mwanafunzi haikumfundisha hesabu. Iliwafundisha tu wenzake kucheka mgonjwa.

Na wewe, baba uliyetuandikia, umsomee binti yako ukurasa huu, kisha uwasomee shangazi zake. Waambie bila ugomvi kwamba mtoto hakutupiwa kitu. Amezaliwa na mishipa yenye kuamka upesi, inayomtuma mtumishi mwema kwa wakati usiofaa. Jumatatu mpeleke zahanati apimwe, na umnunulie lile daftari. Tena umwulize mama yake, na nyanya yake kama yu hai, kama nao waliumwa hivyo walipokuwa wasichana. Wakikubali, mtoto atajua kwamba hayuko peke yake nyumbani.

Tuandikie tena baada ya miezi miwili, utuambie daftari limesema nini.

Mwalimu wenu